Shingo za Masweta ya Kalinga

Saa mbili kasorobo asubuhi Rozalia Kalinga alifungua karakana ya masweta pale Kihesa, akafagia vipande vya uzi, akabandika chai. Saa mbili kamili akaingia baba yake, mzee Kalinga, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Rozalia akampangusa udongo mabegani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Liberatus amefika?"

"Bado yuko Mbeya."

Mzee akaguna, akaketi kwenye mashine ya kona, mgongo kwa binti yake. Kazi yake ilikuwa kufuma shingo. Masweta ya kutoka nje yalijaa sokoni kwa bei chee, lakini mtoto akivuta shingo mara mbili imelegea. Shingo ya Kalinga hailegei, na kwa sababu hiyo shule nne zilikuwa bado zinaagiza kwa Rozalia. Ufundi huo mzee aliurithi kwa baba yake, akamwekea mwanawe wa kiume, Liberatus, na binti haonyeshwi. Binti ataolewa, aende nao kwenye ukoo wa watu. Rozalia alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Angeolewa saa ngapi, na miili na mikono ya masweta yote anafuma yeye? Jioni alikula peke yake, na upweke ulimuuma.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakumjua Liberatus.

Juni baridi ilipokaza, mzee akaanza kuchelewa. Mara saa nne, mara saa sita. Hata wafu huchoka. Rozalia akaogopa kwamba siku moja hatakuja kabisa na shingo zitakwisha, akampigia simu mdogo wake.

Liberatus akaja na basi la Jumamosi. Akamwamkia marehemu, akauliza pa kuchajia simu. Mzee alifurahi mpaka akavua koti.

"We Rozi, hebu toka nje kidogo."

Rozalia akasimama barazani kwenye baridi, mlango umefungwa, hadi mashine iliponyamaza.

"Nimemkabidhi," mzee akasema.

Jumapili Liberatus akarudi Mbeya kwenye duka lake la vipuri vya bodaboda. Jumatatu mzee akaja saa mbili kamili, akakaa, asiguse uzi. Haikuwa kazi yake tena. Rozalia akapiga simu Mbeya.

"Dada, kusema kweli sikushika. Mzee anaenda haraka, na mimi wateja walikuwa wananipigia. Ila si uko naye hapo? Muulize."

Akamuuliza. Mzee akamtazama kwa upole wa kweli.

"Mwanangu, wewe utaolewa."

Alhamisi akaja mwalimu Sabina kuchukua masweta mia na ishirini ya shule yake. Aliyakuta yamekunjwa vizuri, hakuna hata moja lenye shingo. Akauliza mwenye karakana ni nani siku hizi, aongee naye.

"Liberatus," mzee akajibu.

Rozalia akamtajia namba ya Mbeya, tarakimu moja moja, na mwalimu akaiandika.