Usibonyeze Bado

Bibi Restituta hakuwa na tabia ya kufunga ukurasa. Kila alichofungua kwenye kompyuta aliyoachiwa na binti yake alikiacha hapo hapo: masomo ya misa, bei ya mchele, dawa ya magoti. Juu ya kioo vichupo, vile vijialama vya kurasa zilizo wazi, vikabanana hata majina yakamezwa, na kuutafuta ukurasa wa marehemu mumewe, Maximilian, ikawa kazi. Humo mzee alikuwa akihojiwa na redio moja ndogo kuhusu maisha ya Kivukoni kabla ya daraja. Bibi alimsikiliza kila asubuhi kabla ya chai.

Aliyemwonea huruma ni Herieth, mke wa mjukuu wake Venance, aliyeolewa juzijuzi kutoka Mang'ula.

"Bibi, humu kuna vitu vya majaribio. Nikikiwasha kimoja, vichupo vyote vitakaa ubavuni, kimoja chini ya kingine, na majina utayasoma."

"Washa, mke mwenzangu. Ila ukiniharibia, mume wetu namchukua jumla."

Wakacheka. Herieth akafungua ukurasa wenye onyo kwamba mtu anaweza kupoteza taarifa zake. Akawasha alichotaka, kikatokea kitufe cha kuanza upya. Kidole kikasita. Akatoa simu yake, akabonyezabonyeza, uso ukabadilika.

"Tumalizie kesho, Bibi."

Kesho ikaja ikapita, na nyingine tena. Bibi akiwa jikoni, Herieth aliinamia kompyuta. Akisikia kandambili zinakuja, anainuka na kushika ufagio. Kisha Bibi akamsikia nyuma ya nyumba akiongea na Venance kwa simu: "Hapana, asijue kwanza."

Asijue nini? Bibi akarudi ndani taratibu, moyo umeingia mchanga. Binti huyu ndiye aliyemwekea maji ya kuoga ya vuguvugu kila jioni bila kuombwa, na kumchagulia minofu isiyo na miiba. Sasa hata maji yale aliyaoga akiwaza. Siku hizi watu wanakuibia namba za siri huku wanakunywa chai yako. Au wanataka kuiuza kompyuta yenyewe?

Asubuhi akaketi mbele ya kioo. Kitufe bado kilikuwa pale.

"Mke mwenzangu! Unaficha nini humu?"

"Sifichi kitu, Bibi."

"Haya. Naianzisha upya mwenyewe, tuone kitakachotoka."

Kidole kilikuwa kinashuka Herieth alipomdaka mkono. Bibi akamtazama. Mtoto wa watu, hata mwaka hajamaliza nyumbani, anamkamata mkono!

"Nisamehe. Usibonyeze bado." Herieth akasema. "Redio ile imefunga tovuti yake. Nimejaribu kwenye simu yangu, Venance kajaribu kwake, ukurasa wa Babu haufunguki. Huu umebaki kwa sababu hujawahi kuufunga. Tukianza upya, kurasa zote zitafunguka upya, na huu utamtafuta Babu kule kwenye tovuti na hautampata."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa namtafuta mtangazaji, labda ana nakala. Nilitaka nikuambie nikiwa nayo mkononi. Jana usiku amejibu kwamba hana."

Mkono wa Bibi bado ulikuwa ndani ya mkono wa Herieth, na hakuuondoa.

"Simu yako inarekodi?"

"Inarekodi. Ila mashine ile…"

Kwa jirani, mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma. Bibi akatoka hadi kwenye ua.

"Mahmoud! Nizimie mashine kidogo, mwanangu. Nataka kumrekodi mzee."

Mahmoud hakuuliza mzee yupi. Akazima, kisha akawageukia wateja wenye magunia na kuweka kidole mdomoni.

Herieth akaisogeza simu karibu. Sauti ya Maximilian ikatoka, nzito, yenye kicheko ndani yake: "Mke wangu siku ile tunavuka aligoma kukaa. Alisimama mpaka ng'ambo, ameng'ang'ania shati langu likachanika."

"Muongo huyo," Bibi akasema, kama alivyosema kila asubuhi.

Herieth akaziba mdomo. Mzee alipomaliza, akanong'ona, "Bibi, umeingia kwenye rekodi. Turudie?"

"Iache. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea."

Herieth akasogeza kidole kwenye kitufe.

"We! Ngoja," Bibi akasema, akikikodolea macho kile kioo. "Mtumie Venance. Mtumie mama mkwe wako. Na Mahmoud pia. Wakishajibu wote kwamba wamemsikia, ndipo ubonyeze."