Karatasi za Kukatia Zilizofungiwa

Chumba chetu cha ushonaji kina vyerehani sita na meza moja ndefu. Ukutani zilikuwa zikining'inia karatasi za kukatia: mabega, kola, mikono, za mtoto mdogo mpaka za mtu mnene wa kwelikweli. Hazikuwa na mwenyewe. Fundi akija anakatia zilizopo, akiona kwapa linabana anaongeza, akiondoka anaacha. Wengine walioziacha wameshatangulia mbele ya haki.

Mjukuu wangu, anayeandika programu za kompyuta, alikaa nasi wiki tatu akizipima zote. Baadaye, kwa programu aliyoiandika, ukawa unaandika kifua na kiuno cha mteja, mashine inakutolea karatasi ya mtu huyohuyo. Tulipiga vigelegele. Mimi, mkubwa wao, ndiye niliyesema zile kuukuu zinakula vumbi bure, tuzitumie kufungia nguo za wateja. Zikaisha.

Kisha kampuni ikainunua programu na kumwajiri mjukuu wangu. Juzi kompyuta ikatuandikia kwamba programu sasa ni ya viwanda tu, sisi hatuna ruhusa. Sare za shule nzima zilikuwa zinatungoja, na karatasi hatuna hata moja. Nikamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kaa."

Sindano hakumpa nafasi ya kukaa. Huyu ni fundi mwenzetu, tumempa jina hilo kwa wembamba na kwa ulimi.

"Wewe binti, ile kola aliikata mama yangu. Mama wa watu hata redio alikuwa hajui kuwasha, leo amekuwa mali ya kampuni!"

"Shangazi, nimeuza kazi yangu. Miezi minane nimeiandika mpaka macho yakaniuma. Mlitaka niigawe bure?"

"Jasho lako uza, nani kakuzuia? Na sisi tuliokupa vipimo?"

"Hamkuniambia ni siri."

"Siri tungeitundika ukutani?"

Nikamuuliza mjukuu wangu taratibu kama ile programu ya mwanzo bado anayo.

"Ninayo." Akatoa flashi kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Lakini nimetia sahihi kwamba sitampa mtu. Wakijua watanifukuza kazi, na mahakamani watanipeleka. Wewe niambie tu, bibi. Ukisema nikupe, nakupa."

Sindano akanyoosha mkono. Nikauzuia.

Nilikitazama kile kidude, kidogo kuliko kifungo cha koti. Vilivyokuwamo ni vyetu, hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini mtoto huyu alikuwa ananiomba niseme mimi, ili kesho akiumia awe ameumizwa na bibi yake. Na nisiposema, wanawake wenzangu watano wakose kazi kwa sababu ya karatasi nilizozitupa mimi. Nikairudisha mkobani mwake.

"Sikwambii nipe. Nenda kawaambie wakubwa zako wavitoe vipimo vyetu hadharani."

"Watakataa, bibi."

"Basi wakatae wao."

"Mama," Sindano akaniambia, "umetuangusha mara mbili sasa."

Nilichukua sare kuukuu ya mtoto wa jirani, nikaanza kuifumua kwa kiwembe, ili kila kipande nikichore upya kwenye karatasi.

"Na hili nalo watalikataza?" nikauliza.

"Mkichora kwa mkono, sidhani. Ila mimi nisionekane hapa." Mjukuu wangu akatoka kwa mlango wa nyuma, yeye aliyezoea kunitania nikimsindikiza mpaka barabarani.

Sindano akavuta kiti, akafumua upande wa pili bila kunitazama. Mkono wa kwanza ulipotoka nikautandaza mezani. Ulikuwa umevutika kwa kufuliwa, haukuwa tena kipimo cha mtoto yeyote. Nikashika chaki, nikaanza kukisia.