Sura ya Mlangoni

Mchoraji wa katuni za watoto aliweka kioo kidogo mezani pake, kati ya taa na kikombe cha penseli. Kabla ya kumchora Tobwe, yule mtoto wa kiboko wa kwenye televisheni, alijitazama kwanza kiooni. Tobwe akitakiwa kununa, yeye alinuna. Tobwe akitakiwa kucheka, yeye alicheka, kisha akaunakili mdomo wake upesi karatasini kabla kicheko hakijapoa. Wachoraji wa katuni ndivyo wanavyofanya kazi, na pale studio hakuna aliyemshangaa mwenziwe.

Ila sura ikishachorwa vizuri, haikurudi tena usoni pa mchoraji. Mwenzake wa meza ya pili, aliyechora mwendo wa Tobwe, alikuwa ameshamaliza kuruka, kukimbia na kutembea kwa madaha, akawa anakwenda chooni kama kabati linalosukumwa. Mtayarishaji wa kipindi aliita hiyo kujituma.

Nyumbani mchoraji alikuwa na mume na binti mmoja, na wote wawili walikuwa na wivu ambao hawakujisumbua kuuficha. Jioni moja, kwenye televisheni, Tobwe aliona keki dirishani, akaitupia jicho la pembeni, polepole, kope zikishuka. Mume akaweka glasi yake chini.

"Jicho hilo wamelitoa wapi?"

"Kwangu," mkewe akajibu.

"Si ndilo ulilonitupia siku ile kwa shangazi yako?"

"Ndilo."

"Ukampa kiboko?"

"Kulikuwa na keki, mume wangu. Ningefanyaje?"

Mume alisogeza kiti chake karibu na televisheni, na tangu hapo hakukirudisha.

Binti ndiye aliyekabwa na wivu hasa. Watoto wa majirani walijazana sebuleni kwao kutazama kipindi, wakicheka mpaka wanaangukiana, naye akakaa ameipa televisheni mgongo. Hakuhitaji kuangalia. Kile kicheko cha wakati wa kuogeshwa, ile midomo ya kupuliza kidonda, ule mnuno wa uongo, vyote vilikuwa vyake, na sasa vilikwenda kwa watoto wa miji asiyowahi kufika. Alimchukia Tobwe yeye, kaptula yake na mkia wake.

Ilikuwa imebaki sura moja, ya mlangoni. Kila jioni mama alipofungua mlango na kumwona binti yake, nyusi zilimpanda na mdomo ukaachama kidogo, kama mtu aliyeinua mto wa kochi akakuta hereni aliyokwisha kuikatia tamaa.

"Hiyo usiitoe, mama."

"Siitoi."

"Hata wakikubembeleza?"

"Hata wakigaragara chini, mwanangu. Sura yangu hii ni ya kwako."

Kisha ikaja sehemu ya mwisho ya msimu. Tobwe amepotea, na mama kiboko anafungua mlango wa ghala na kumkuta. Mchoraji alijaribu kila alichobakiwa nacho, lakini mama kiboko alitokea kama mtu aliyekalia kiti kilicholowa.

"Huyu kampata mwanawe," mtayarishaji akauliza, "au kapata mafua?"

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo binti alifuatana na mama yake kazini. Mama alipoitwa ofisini kwa mtayarishaji, binti alikichukua kioo, akakitia ndani ya mkoba wake chini ya sweta, akafunga zipu. Bila kioo, aliwaza, hakuna sura itakayotoka. Mawazo yake yalikuwa mazuri, yalipungukiwa kidogo tu.

Mama alikaa huko sana. Kupitia ukutani binti alisikia sauti ya mtayarishaji ikibembeleza, ikapanda, ikabembeleza tena, naye akaukumbatia mkoba. Mwishowe mlango ukafunguliwa. Mama aliingia, akamwona mwanawe, na nyusi zikampanda vilevile. Hakuwa ameitoa. Binti alifurahi mno hata nyusi zake nazo zikapanda na mdomo wake ukaachama kidogo. Alikuwa amepokea sura ile miaka yote, hakuwa na nyingine ya kujibia.

Mama alisimama palepale. Alitafuta kioo mezani, hakukiona, akaona hakihitajiki.

"Tulia hivyohivyo, mwanangu," akasema, mkono umeshashika penseli. "Usipumue."

Alichora vizuri kuliko alivyowahi kuchora maishani. Alipomaliza, binti alijishika uso, akakuta umetulia. Ahadi ya mama ilikuwa ya sura yake mwenyewe, na hiyo hakuigusa.

Sehemu ya mwisho iliporushwa, watoto wa majirani walilia kwa furaha, na mume akalia pamoja nao. Mtayarishaji aliagiza msimu mpya na kuuliza shule zitafungwa tena lini.

Mama aliendelea kufungua mlango kila jioni, nyusi juu, mdomo wazi, kama alivyoahidi.

"Shikamoo, mama," binti alimwamkia kwa adabu, uso mtulivu, kama anavyoamkiwa mgeni.

Siku za marudio ya kipindi mama aliwahi nyumbani. Hakuvua hata viatu. Alipita katikati ya watoto wa watu mpaka mbele kabisa, akapiga magoti karibu na kioo cha televisheni, akamngoja mama kiboko afungue mlango. Mlango ulifunguliwa. Usoni pa mama kiboko nyusi za mwanawe zikapanda.

"Anamwangalia Tobwe," mama akasema, na wivu ukamkaba.

"Sogea, mama," binti akasema. "Unatuziba."