Fungu Lenye Jina la Duncan

Mwongeli alipoliona jina la Duncan ndani ya kompyuta yake, damu ilimchemka kabla hata chai haijachemka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, betri imekufa zamani, ikiishi kwa waya wa stima tu. Kazi yake ilikuwa moja: kuiongoza cherehani ya kudarizi pale kibandani kwake Ukunda. Duncan, mumewe, ndiye aliyeziunganisha mbili hizo kabla hajahamia Diani kwa mwanamke mwingine. Tangu aondoke, Mwongeli alikuwa amekitoa kila kilicho chake, viatu, picha, hata kikombe. Kumbe jina lilikuwa limebaki limejificha humo.

Diski ilikuwa imejaa. Gillian, fundi wa simu na kompyuta wa kibanda cha jirani, alimwazima flashi ya kupangia diski, akamwambia, "Ngoja nije tufanye pamoja, Mama Nzau." Mwongeli hakungoja. Aliiwasha kompyuta kwa flashi ile, akaona diski imegawanywa mafungu mawili, kama shamba la ndugu wasioelewana. Fungu dogo liliandikwa MAUA. Hilo alilijua, ndimo alimoweka michoro yake. Fungu kubwa liliandikwa DUNCAN.

"Hata humu umo?"

Alidhani ni nyimbo zake na picha zake za hotelini. Alilifuta fungu zima, akakubali kila alichoulizwa, akachomoa flashi, akaiwasha kompyuta upya huku roho imemtulia.

Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza: mfumo wa kuendesha kompyuta haukuonekana.

Alizima, akawasha. Yale yale.

Nyuma yake, kwenye kamba, ilining'inia mishipi ya satini ya watoto wa nasari huko Kikoneni. Kesho yake watoto wale walikuwa wanahitimu, na kila mshipi ulingoja jina la mwenyewe. Mwalimu Chome angekuja kuichukua alasiri hiyo hiyo. Na hata bila mwalimu, bila kompyuta ile cherehani ilikuwa chuma tu, na Mwongeli hakuwa na riziki nyingine.

Kanze, msaidizi wake wa kukata na kupiga pasi, aliingia na mfuko wa nyuzi, akamwona ameshika kichwa. "Salama, dada? Mbona umekauka hivyo?"

"Niitie Gillian. Mwambie aache chochote anachofanya."

Gillian alikuja na bisibisi sikioni. Alisikiliza, akafumba macho. "Mathe, hapo ulipofuta ndipo mfumo wenyewe ulipokuwa. Na programu ya cherehani pia."

"Si uweke mfumo mwingine?"

"Naweza. Lakini cherehani hii ni ya zamani, programu yake haikubali mfumo wa siku hizi. Na CD yake iko wapi?"

Kanze ndiye aliyejibu, tena kwa sauti tamu. "CD iko Diani, kwa shemeji."

"Usimwite shemeji!"

"Basi kwa yule bwana. Mpigie, dada. Kiburi hakitadarizi."

Mwongeli alitazama mishipi ile, akachukua simu.

"Heh! Leo nimekumbukwa," Duncan alisema, na nyuma yake vyombo vya jikoni vikigongana.

"CD ya cherehani unayo?"

"Ile? Nilitupa nikihama. Ya nini, na kila kitu kimo kwenye kompyuta? Angalia fungu lenye jina langu. Au umefanya nini, Mwongeli?"

Alikata simu. Masikio yalimwaka moto.

"Hana," alisema.

Gillian alivuta kigoda. "Basi tusiweke chochote kipya humo. Ulipolifuta, hukuchoma shamba, uling'oa mipaka tu. Mazao yangalimo, ila kompyuta haijui yanaanzia wapi. Tukilima juu yake, ndiyo basi." Alichomeka flashi nyingine. "Hii itapita kipande kwa kipande, ikitafuta mipaka ya zamani."

Ikaanza kutafuta. Namba zilipanda polepole, na Mwongeli akazitazama kama mtu anayetazama kipimajoto cha mtoto. Jua lilihama kutoka kizingitini hadi miguuni pa cherehani. Mara feni ikapunguza mwendo, taa ikafifia.

"Stima, tafadhali, usinifanyie hivyo," Mwongeli alisema.

"Sasa hivi inasoma tu, ikikatika tutaanza tena," Gillian alisema. "Wasiwasi wangu ni wakati wa kuandika."

Taa ilirudi. Pakatokea mistari miwili ya kijani kiooni.

Gillian akakunja uso. "Yamepatikana mafungu mawili, na yamepandiana. Moja nadhani ni la tangu kompyuta ikiwa mpya, halina jina. La pili lina jina. Siwezi kuyarudisha yote mawili, na nikiandika lisilo lenyewe naweza kukuharibia zaidi. Mathe, lako ni lipi?"

Kanze alijifunika mdomo kwa kanga.

"Wewe, usinicheke!"

"Sijacheka, dada. Nakohoa."

"Lipi, Mama Nzau?"

Mwongeli aliikazia macho mistari ile miwili. Kila kitu kimo kwenye fungu lenye jina langu, alisema yule mtu. Mara nyingi alikuwa amemdanganya. Je, na hili?

"Rudisha Duncan," alisema.

Kanze akapasuka kwa kicheko hadi akaketi juu ya marobota. Gillian hakucheka. Aliangalia taa, akabonyeza. Kompyuta ikaandika, ikazimwa, ikawashwa.

Kioo cheusi. Maandishi yale yale.

Kicheko cha Kanze kilikatika. Mwongeli alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nje, bodaboda ilisimama, na sauti ya Mwalimu Chome ikasikika akimlipa dereva.

"Ngoja, ngoja." Gillian alijipiga paji la uso. "Nimelirudisha, lakini sikulitia alama kwamba ndilo la kuwashia. Kompyuta haijui ianzie wapi." Akachomeka tena flashi, akatafuta, akatia alama, akachomoa.

Kioo kilikaa cheusi. Kikazidi kukaa. Kisha rangi ya buluu ikafunguka polepole, na cherehani pembeni ikatoa mlio wake mdogo wa kuamka. Mwongeli alifuta macho kwa mshipi wa satini, akashtuka, akauangalia kama haukuchafuka.

"Hodi! Shikamoo, mama. Tayari?" Mwalimu Chome aliuliza mlangoni.

"Marahaba. Keti kwanza, mwalimu, unywe maji. Ndiyo naanza."

Gillian alikuwa anakusanya vitu vyake. "Nitakuja jioni nikunakilie kila kitu mahali pengine. Na lile jina, ukitaka, naweza kulibadilisha sasa hivi. Hakutaharibika kitu."

Mwongeli alikuwa ameshatandika mshipi wa kwanza. Sindano ilishuka, ikaanza herufi ya kwanza ya jina la mtoto.

"Usiguse," alisema. "Leo mtu asiguse chochote."

Simu ikatetemeka juu ya meza. Kanze aliichungulia. "Dada, ni yeye. Nimwambieje?"

"Mwambie Duncan wa humu ndani yuko kazini."