Dakika Kumi na Moja

Kila asubuhi, saa moja na robo, Shangazi alifunga mlango kwa namna ileile. Alizungusha ufunguo mara mbili, akabana kufuli la juu, kisha akalivuta mara tatu, taratibu, kama anayebembeleza punda mkaidi. Mpwa wake alimsubiri kwenye ngazi akiwa ameshika mikoba yote miwili. Kisha walitembea bega kwa bega hadi maabara kuu, mwendo wa dakika ishirini, Shangazi akisimulia na binti akisikiliza. Ndivyo walivyogawana kazi tangu binti alipoletwa kwake akiwa na miaka tisa, na ndiyo maana nyumbani na kazini watu walimwita Kimya.

Alhamisi ile Shangazi alivuta kufuli mara ya kwanza, akavuta mara ya pili, kisha mkono ukasimama. Alilitazama lile kufuli kama mgeni asiyekumbuka jina la mwenyeji wake. Akachomoa ufunguo, akamnyooshea Kimya.

"Kuanzia leo funga wewe," alisema. "Ukifunga wewe nitakuwa na uhakika."

Kimya alilivuta mara ya tatu. Lilikuwa limebana, kama lilivyobana kila siku ya Mungu. Alitaka kumwambia hivyo, lakini akautia ufunguo mfukoni. Wakashuka ngazi, na njia nzima Shangazi hakusimulia chochote.

Mwezi huo ulikuwa umemwendea kombo Shangazi. Kazi yake ilikuwa kuhakiki majibu ya vipimo. Matawi manne yalipima damu na kuingiza namba kwenye kompyuta, pamoja na picha ya karatasi iliyotoka kwenye mashine. Shangazi, akiwa maabara kuu, alilinganisha namba na picha, akarekebisha palipokosewa, kisha akagonga muhuri wa kwenye kompyuta. Muhuri ukishagongwa, daktari huko aliko huyaona majibu. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita, kwanza kwa kalamu na baadaye kwa kompyuta, na jicho lake lilisifika hivi kwamba vijana wa maabara walitania: Shangazi akikusalimia asubuhi, ameshajua damu yako imepungua kiasi gani.

Kisha marekebisho yake yakaanza kupotea. Alirekebisha, akagonga muhuri, akaona kwa macho yake namba sahihi kwenye skrini. Kesho yake asubuhi namba ile ya makosa ilikuwa imerudi, na chini yake muhuri wake umetulia. Ilitokea mara nne. Mara ya tano ilikuwa damu ya mtoto wa miaka minne. Tawini mtu aliandika kiwango cha damu nane nukta tano badala ya tano nukta nane. Daktari aliona nane na nusu, akampa mama wa mtoto dawa za kuongeza damu, akawaruhusu. Siku ya pili yake mtoto alirudishwa akiwa amebebwa, hajiwezi. Aliongezewa damu, akaponea tundu la sindano, na tangu siku hiyo Shangazi alipiga simu wodini kila asubuhi, bila kujitambulisha, kuuliza anaendeleaje.

Lisemwalo lipo, watu walianza kunong'ona kwenye korido za maabara. Mkurugenzi wa maabara, mtu mwenye adabu, alimwita ofisini, akamwita mama, akamwambia labda wakati wa kupumzika umefika. Barua ya kustaafu ilikuwa tayari. Shangazi angeisaini Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana. Shangazi hakubisha. Alisema amechoka, wamwache apumzike, na wote wakayapokea maneno hayo kama yalivyo.

Kimya alijua kuwa hakuchoka. Alichokiogopa Shangazi kilikuwa kimeshawahi kuishi ndani ya nyumba yao. Bibi, mama yake Shangazi, alimaliza miaka yake sita ya mwisho hamjui mtu. Alimwita Shangazi kwa jina la jirani aliyekwisha kufa, na alikuwa akitoroka alfajiri kwenda kutafuta shule aliyosoma utotoni. Ni wakati huo ndipo kufuli la juu lilipofungwa mlangoni, na ni wakati huo Shangazi alipoanza kulivuta mara tatu. Bibi alizikwa, lakini ile mivuto mitatu ilibaki.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo Shangazi hakulijua. Wiki tatu nyuma, mkurugenzi alipotaka kujua kama mfumo una hitilafu, aliyepewa kazi ya kuangalia ni Kimya mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mtunza kanzidata, ghala la majibu yote kwenye kompyuta. Aliifungua hazina ya pamoja, ile ambayo madaktari huisoma. Aliukuta muhuri, lakini hakukuta rekebisho. Akaandika sentensi mbili: Hakuna hitilafu kwenye mfumo. Marekebisho hayakuhifadhiwa na mtumiaji. Hakuweka jina, aliandika "Kitengo cha Kompyuta," akatuma. Tangu siku hiyo sentensi zile zilikuwa zikimlalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Asubuhi hiyo aliketi mbele ya kompyuta, ufunguo wa nyumba umekaa juu ya meza, baridi na mzito kuliko ukubwa wake. Saa nane haikuwa mbali. Akaanza upya, safari hii kutoka upande mwingine.

Kanzidata yao haikukaa mahali pamoja. Kila tawi lilikuwa na seva yake, kompyuta inayotunza majibu, na maabara kuu ilikuwa na ya kwake. Kila seva iliweka logi, yaani daftari ambamo kila badiliko linaandikwa hapohapo linapofanyika, nani kafanya, saa ngapi, namba gani imekuwa namba gani. Kulikuwa na programu ya kunasa mabadiliko hayo. Ilisoma madaftari yote, mstari kwa mstari, na kupeleka kila badiliko kwenye hazina ya pamoja. Ofisini waliiita Tarishi. Usiku, hazina nayo ilirudisha nakala yake kwa kila seva, ili wote waamke wakiwa na kitu kimoja.

Mara ya kwanza Kimya alikuwa ameangalia mwisho wa safari ya Tarishi tu. Sasa alilifungua daftari la maabara kuu, pale safari inapoanzia.

Rekebisho la mtoto lilikuwepo. Jina la Shangazi, tarehe, nane nukta tano imekuwa tano nukta nane. Kimya aliusoma mstari ule mara tatu. Alitafuta mengine manne, akayakuta yote.

Basi Shangazi aliandika. Tarishi je, alibeba? Akahesabu. Kwa mwezi mzima, marekebisho yaliyotoka maabara kuu yalikuwa mia nne na kumi na mawili, na Tarishi aliyafikisha yote, hakuchelewa hata siku moja. Lakini yaliyopokelewa yalikuwa mia nne na saba. Matano yalifika mlangoni yakarudishwa, na hakuna kengele iliyolia, kwa sababu kwa sheria ya hazina hapakuwa na kosa lolote. Sheria ilikuwa nyepesi: mabadiliko mawili yakigusa jibu moja, lenye saa ya mbele ndilo linalosimama, la nyuma linatupwa. Muhuri haukugombana na kitu, uliingia peke yake. Kwa hiyo kila mara rekebisho lilibaki nje, na muhuri ukaenda kukaa juu ya kosa.

Yote matano yalihusu tawi moja, lile la ng'ambo ya reli. Kimya aliziweka sambamba saa za kuandikwa, ya tawi na ya Shangazi. Tawi liliingiza jibu la mtoto saa nne na dakika kumi na tisa. Shangazi alilirekebisha saa nne na dakika kumi na mbili.

Alikaa akizitazama. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo bado halijafanyika.

Mkuu wa tawi lile alikuwa mzee mcheshi aliyejulikana kwa jina la Mapema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika kazini kabla yake. Kimya, ambaye kwa kawaida angeandika ujumbe mara kumi kuliko kupiga simu mara moja, alipiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kumbe Kimya ana sauti? Leo mvua itanyesha."

Alimwomba akasome saa iliyo kwenye seva yao. Mzee alikwenda, akarudi akihema kidogo, akasema ni saa tano na dakika tatu. Simu ya Kimya ilionyesha saa nne na dakika hamsini na mbili.

Alipoulizwa zaidi, Mapema alieleza kwa fahari. Mwezi uliopita umeme ulikatika, seva ikaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na njia inayoiletea saa sahihi ilikuwa imekufa. Hakutaka kusumbua watu. Alipanda kwenye kiti, akaisoma saa ya ukutani, akairekebisha seva kwa mkono wake mwenyewe.

"Na hiyo ya ukutani iko sawa?" Kimya aliuliza.

Mzee alicheka. "Ile? Ile iko mbele dakika kumi na moja, mwaka wa tatu huu. Niliiweka hivyo kwa ajili ya wachelewaji. Kumi walishazizoea, nikaongeza moja. Kila mtu hapa anajua inadanganya, tunapunguza wenyewe kichwani."

"Seva haikujua, mzee."

Kicheko kilikatika. Kisha Mapema aliuliza kwa sauti nyingine kabisa kama jambo hilo linahusu yule mtoto. Kimya akasema ndiyo. Akauliza kama ndilo linalomwondoa yule mama mhakiki. Kimya akasema ndiyo tena. Mzee alisema ataandika kila kitu kama kilivyo na kuweka jina lake chini, kisha akasema anakwenda kuishusha ile saa.

Kimya alirudi kwenye hesabu, akaona jambo lililomfanya afunike uso kwa viganja. Siku nyingi Shangazi huwa na foleni, hufikia jibu baada ya nusu saa au zaidi, na marekebisho hayo yote yalipita salama. Yaliyopotea ni yale aliyoyafanya kabla ya dakika kumi na moja kuisha. La mtoto, ukizitoa dakika za uongo, alilirekebisha dakika nne tu baada ya kuingizwa. Jicho lilikuwa kali mno, mkono ulikuwa mwepesi mno. Uhodari wake ndio uliomponza.

Alifanya yaliyobaki bila kuinua kichwa. Alihakikisha saa ya tawi imerudi sawa. Aliibadilisha sheria ya hazina, kila jibu likapewa namba inayopanda kila linapoguswa, ili saa ya mtu isiwe hakimu tena. Aliirudia hatua kwa hatua ile safari ya Tarishi, na marekebisho matano yakaingia mahali pake. Kisha akachapa ripoti mpya.

Saa nane kasorobo aliiweka mbele ya mkurugenzi, Shangazi akiwa ameketi pembeni, kalamu yake tayari mkononi. Mkurugenzi alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Alimwomba Shangazi msamaha kwa maneno machache yaliyonyooka. Barua ya kustaafu aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Shangazi alikuwa na swali moja tu. "Yote matano?"

Kimya aliitikia kwa kichwa, akamwonyesha mstari wa mtoto. Shangazi aliinama, akakiweka kidole chake juu ya skrini, juu ya jina lake mwenyewe, akakiacha pale kwa muda mrefu.

Mkurugenzi alifunga faili. "Sasa ile ripoti ya kwanza, iliyosema hakuna hitilafu, ilikuwaje?"

"Ilikosea," Kimya alisema. Mkurugenzi alisubiri. Kimya aliangalia sakafu, na kikao kikaisha.

Jioni walirudi kwa miguu kama kawaida. Shangazi alisema mtoto ataruhusiwa wiki ijayo. Walipofika mlangoni Kimya alifungua, kisha akamnyooshea ufunguo. Shangazi hakuupokea.

"Kaa nao," alisema. "Mashine imepona, mwanangu. Mimi sijijui. Ile ripoti ya kwanza iliandikwa na mtu wa kompyuta kama wewe, na alisema mtumiaji. Watu kama hao hawaandiki ovyo. Huenda aliona kitu kwangu ambacho wewe, kwa kunipenda, hukukiona."

Aliyasema kwa upole, bila uchungu, akiinama kuvua viatu. Kimya alimwangalia kisogo kilichoanza kuwa cheupe. Angeweza kunyamaza. Jina lake lilikuwa likimngoja anyamaze, na hakuna ambaye angewahi kujua. Ufunguo ukabaki umeelea kati yao.

"Hakuona kitu, Shangazi," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa jinsi ilivyojaa korido. "Ni mimi niliyeiandika. Niliangalia upande mmoja nikaacha. Nilikuwa ninakuona ukilivuta hili kufuli mara tatu, nikamkumbuka Bibi, nikajisemea ndiyo yameanza. Nilikuhukumu hapa mlangoni kabla sijafika kazini. Hukusahau, Shangazi. Hukusahau hata moja. Chukua ufunguo wako."