Maneno ya Warsini Ukumbini

"Swali hili unalielewaje?" Endah aliuliza. "Usijibu tu, niambie linakugusa vipi."

Hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Dodoso la kupima huzuni ya akina mama waliotoka kujifungua lilitoka ng'ambo, na kabla ya kutumiwa hapa wilayani Bantul, kwa Wajawa, ilibidi lipitishwe vinywani mwa wanawake wenyewe. Warsini, mwalimu aliyejifungua juzijuzi, asingekubali kukaa na mtafiti mwingine. Lakini yeye na Endah walicheza pamoja mtoni tangu wadogo.

"Linauliza kama nina huzuni. Huzuni sina, shoga. Mtoto akilia natamani nimwache barazani kwa mtu, nishike njia. Mama mkwe akijua atamchukua."

"Nani atamwambia? Mimi? We vipi!"

Na kweli, jina hakulitaja. Alipowafunza wanawake wa kujitolea wanaopima watoto uzito kijijini, alisema tu, "Mama mmoja, mwalimu, alinifungua macho," kisha akayasoma maneno yale kama yalivyotamkwa. Alipofika "nishike njia", ukumbi ukaangua kicheko. Kijiji kina mwalimu mmoja tu mwenye kichanga, na safu ya mbele alikaa Bu Sumirah, mama mkwe wa Warsini.

Siku hiyohiyo Bu Sumirah alihamishia kitanda cha mtoto chumbani kwake. "Pumzika, mwanangu," alisema kwa upole unaokata. "Hatutaki uchoke mpaka ushike njia."

Endah alirudi baadaye, maana dodoso huulizwa mara mbili ili kuona kama majibu yanasimama. Alikuja na ndizi za kukaanga, akachangamka tangu mlangoni: "We mwalimu, mbona umenikondea!"

Warsini aliinama kidogo. "Karibu uketi, Bibi. Utuwie radhi, nyumba yetu haina hadhi yako." Alisema kwa Kijawa cha juu, kile cha kusemeshana na wakwe na wakubwa wa ofisi. Hawakuwahi kusemeshana hivyo, hata siku moja.

Endah akaziweka ndizi chini. "Warsi, usinifanyie hivi. Nitukane basi."

"Siwezi kuthubutu, Bibi."

Maswali yakaulizwa. Warsini akajibu yote: hapana, la hasha, tunashukuru.

"Haya si majibu yako," Endah alisema.

"Ndiyo niliyonayo kwa mgeni."

Chumbani kwa mama mkwe kichanga kikaanza kulia. Maziwa yakamlowesha Warsini kifua, lakini hakuinuka. Mlango ule sasa ulikuwa na mwenyewe.

"Swali linalofuata, Bibi."