Kompyuta Ndani ya Mzinga

Usiku wa jana niliota kasha la kompyuta linanigusa bega, linaniambia, "Mzee Lugembe, amka. Nina njaa."

Nikalitazama. Liko palepale nilipoliweka, juu ya kigoda, kioo ubavuni na taa za rangi rangi kama gari la harusi. Ndani tupu. Nikaliuliza, "Njaa ya nini, na wewe umekula ndoo nzima ya asali?"

Likapunguza taa zake. Maana ni kweli.

Ngoja nieleze kwanza, msije mkaniacha njiani. Mimi nimeunda baiskeli miaka arobaini pale sokoni Tabora, shule niliishia la tatu. Binti yangu Mwashi alihamia Mwanza na bintiye Kalunde, mjukuu wangu. Huko Kalunde anacheza mchezo wa kompyuta, mchezo wa kujenga kwa matofali, na humo ndani amejenga nyumba yetu ya zamani ya mtaa wa Cheyo, ile iliyobomolewa barabara ilipopanuliwa. Kajenga yote. Ua wa minyaa, kizingiti kilichomeguka, mpaka jiko la bibi yake, Nyanzobe wangu, ambaye ametutoka mwaka wa sita huu. Na picha yake sina hata moja iliyotulia, alikuwa akiona kamera anageuka.

Kalunde akanipigia. "Babu, Jumamosi njoo uione. Nitakungoja getini."

Nikamwambia nitaiona kwa simu yangu. Akacheka mpaka akapaliwa. "Simu hiyo ya tochi, babu? Tafuta kompyuta yenye nguvu, tuingie wote."

Basi nikauza ndoo mbili za asali ya mzinga wangu, nikaenda kwa fundi Siwema, yule binti mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Siwema akasema nzima mpya sitaiweza, tununue kipande kipande aniundie. "Ila babu, usianze na kasha. Kasha ni nguo tu. Anza na walio ndani." Nikamwona hajui kitu. Baiskeli unaanza na fremu. Bila fremu magurudumu utayatundika hewani? Ndoo ya kwanza yote ikaishia kwenye kasha. Na Jumamosi yenyewe ndiyo kesho.

Haya, turudi kwenye ndoto.

Nikavaa kandambili zangu. Ile ya kushoto mkanda ulikatika siku nyingi, nimeufunga kwa spoku. Nikafunga kasha kwenye keria ya baiskeli, na ndoo ya pili ya asali nikaitundika kwenye usukani, maana kwenye ndoto hela yangu ilikuwa bado ni asali. Nje jua kali. Kasha likaniambia mgongoni, "Kata kulia." Nikakata kulia, nikawa nimefika.

Duka la Siwema limekuwa zahanati. Vipande vya kompyuta vimekaa kwenye mabenchi, kila kimoja kimeshika cheti chake. Mlangoni, kwenye mkeka, kalala ubao mpana wa kijani. Huyo ndiye mazabodi, anayebeba wenzake wote, ambaye mafundi wanamwita mama.

"Shikamoo," nikasema, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa.

"Marahaba. Hakuna anayeingia kwako bila kupita kwangu. Umeleta nani?"

"Sijaleta mtu bado. Nimeleta kasha."

Mama akamtazama Siwema. Siwema akatazama dari. Benchi zima likaguna.

"Huyu ndiye yule wa kasha," prosesa mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Bei ya mama ilikuwa pawa tatu za asali. Siwema akachota na upawa wake, akamimina kwenye chupa. Nikaona ndoo imeshuka, nikameza mate.

"Sasa niletee prosesa, ubongo wetu," mama akasema. "Ana miguu mingapi? Kwangu wanakaa wa miguu elfu moja mia tatu na ushee. Akizidi mmoja, harudi nyumbani mzima."

Anaingia prosesa mmoja, mdogo kama biskuti, anatembea kwa miguu yote hiyo kama jongoo, lakini anachechemea. Mguu mmoja umepinda. Siwema anasema huyo bei yake nusu, watu hawamtaki.

"Lete hapa," nikasema.

Mtu aliyenyoosha spoku miaka arobaini hashindwi na mguu mmoja. Nikamlaza kiganjani, nikatoa wembe, nikasukuma polepole, pumzi nimeishika. Mguu ukasimama. Prosesa akajaribu kutembea, akazunguka ukucha wangu mara mbili.

"Babu, una mkono," akasema.

"Sina macho tu," nikamjibu.

Siwema akampaka dawa ya joto kwenye paji la uso, tone kama punje ya mtama. Prosesa akafumba macho, akalala kifuani kwa mama, mama akamfunika.

Wakafuata ramu, ndio wale wanaomshikia prosesa mambo asisahau katikati ya kazi. Walikuja wawili, wembamba, wamefanana. Nikasema nitachukua mmoja, hali ngumu.

"Pacha hanunuliwi nusu, babu," akasema wa kwanza. "Mimi Kulwa, huyu Doto. Ukinichukua peke yangu nitafanya kazi huku naangalia mlangoni."

Mimi Mnyamwezi, mambo ya mapacha sichezi nayo. Nikawachukua wote. Mama ana vyumba vinne mstari mmoja, nikawaweka cha kwanza na cha pili wakae karibu. Wakagoma. Kulwa akataka cha pili, Doto cha nne.

"Mbona mnaachana?"

"Tukibanana tunagombana," akasema Doto. "Tukiachana chumba kimoja, tunaelewana."

Nikamkumbuka Nyanzobe, alikuwa akisema hivyohivyo kuhusu mimi na kaka yangu.

Sasa ikabaki kadi ya picha, yule mchoraji. Akaja mmoja mpya, mrefu, ana feni tatu kifuani, kabebwa kwenye kiti.

"Ndoo nzima, na nyingine juu yake," akasema bila salamu.

"Ninayo robo."

"Basi tazama tu."

Hata hivyo kasha likasema ajaribu kukaa. Akaingia, magoti yakatokeza nje. Kasha langu zuri lote lile, mgeni haenei! Akatoka amekasirika, wakambeba tena.

Hapo nikasikia kikohozi. Mwishoni mwa benchi kakaa kadi mmoja mkongwe, vumbi mpaka masikioni.

"Huyo achana naye, babu," Siwema akasema. "Ametoka mgodini. Wa mgodini hanunuliwi."

Nikaenda kukaa naye. Wazee tunafuatana.

"Ulichimba nini?"

"Sijui. Hela za kwenye kompyuta, walisema. Miaka mitatu mchana na usiku. Sikuwahi kuona nilichochimba."

"Na picha?"

"Hata moja." Akakohoa, likatoka vumbi jekundu. "Nilizaliwa mchoraji, mzee wangu. Nikatoka kiwandani moja kwa moja shimoni. Wewe unataka uchorewe nini?"

"Nyumba."

"Ina watu?"

"Mjukuu wangu anasema haina mtu. Lakini nataka nikaangalie mwenyewe."

Akajipangusa vumbi usoni. Kisha akasema, "Nyumba moja naiweza. Nichukue, kabla sijasahau rangi."

Nikamlipa pawa mbili. Siwema akatikisa kichwa, lakini akachota.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mama anauliza, "Na atakayetulisha?" Siwema akanionyesha pawa saplai, mama lishe mnene kakaa nyuma ya sufuria, mwiko mkononi. "Nawapikia wote," akasema mama lishe, "umeme wa kutosha, hauungui, haukatiki katikati ya tonge. Yupo na mwenzangu wa bei chee pale nje. Yeye akikosea chumvi, nyumba nzima inaungua."

Nikaangalia ndoo. Nikaona kitako cha ndoo, na nyuki mmoja amenata.

Hapo nikakaa chini. Kesho Jumamosi. Mtoto atasimama getini, ataita "babu, babu," kama alivyokuwa akiita akirudi shule, na mimi nimekaa Tabora na kasha lenye taa.

Kasha likazima taa zake moja moja. Likasema, "Niuze."

"We!"

"Niuze, mzee. Umenipenda sana, lakini mimi ni nguo."

Siwema akalipokea bila kunisimanga, akanipa asali ya kumlipa mama lishe. Mimi nina vipande vyote mikononi na sina pa kuviweka. Nikageuka kutafuta mahali, duka halipo. Niko porini kwangu, mbele ya mzinga wangu wa mbao wenye tundu la mlango.

"Mzinga huo una hewa?" mama akauliza.

"Una hewa."

"Basi tuingize."

Nikawapanga humo, mama chini, mkongwe ubavuni, mama lishe pembeni na sufuria yake. Nyuki walikuwa bado wanaishi humo. Hawakufoka. Wakajipanga mlangoni, wakaanza kupepea mbawa wote pamoja, kama wafanyavyo siku za joto. Feni sikununua.

Mama akalia mlio mmoja mfupi. Sauti ya Siwema ikatoka kwenye mti: "Mmoja ni salama, babu. Ingekuwa mitatu, ungeweka matanga."

Nikainamisha kichwa kama mrina asali, nikakiingiza kwenye tundu.

Niko Cheyo.

Jua lina pembe nne. Kuku wana pembe nne, wanadonoa punje zenye pembe. Minyaa ipo. Kizingiti kimemeguka palepale nilipokigonga na keria mwaka ule. Kalunde hayupo getini, maana si Jumamosi. Nazunguka nyuma. Moshi unatoka jikoni, vipande vya mraba vinapandana.

"Vua viatu," sauti ikasema ndani. "Nimefagia."

Nikavua kandambili, nikaziweka mlangoni.

Nyanzobe kakaa penye mafiga, anageuza michembe ya viazi vikavu chunguni. Mabega yake ya mraba. Kitenge chake kilekile.

"Umechelewa, Baba Mwashi."

"Nilianza na kasha."

Akacheka bila kugeuka. "Wewe siku zote unaanza na fremu. Hata kunioa, ulichomelea kitanda kabla hujaleta posa. Baba yangu akakikuta njiani kimebebwa, akauliza nani amekufa."

"Kitanda si kilidumu?"

"Kilidumu. Kilipiga kelele, lakini kilidumu." Akanyanyua mwiko, mwiko ukasimama hewani. Ukaganda. Halafu akawa upande wa pili wa jiko bila kupita katikati.

Kikohozi kikasikika kutoka mbinguni. "Mzee wangu," mkongwe akasema, "nazidiwa. Moshi ni mwingi. Nikichora moshi, sura siiwezi. Chagua nipunguze nini."

"Toa moshi."

Moshi ukatoka. Nyanzobe akasogea kidogo, akaganda tena.

"Toa vivuli," nikasema. "Toa kuku. Minyaa toa."

Nje kukawa kweupe kama karatasi. Nikatoa barabara, nikatoa jua. Nikatoa kuta tatu. Nilivitamani vyote hivyo miaka sita, na sasa navitupa kama makapi. Mkongwe anahema. "Bado, mzee."

"Toa mimi," nikasema. "Mikono yangu, miguu, yote. Najijua nilivyo."

Nikajiona natoweka kuanzia vidole. Na hapo ndipo Nyanzobe akageuka, taratibu, bila kuganda, akanitazama. Uso wote. Hata ile alama ya ndui chini ya jicho, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau iko upande gani. Iko kulia.

Hakugeuka upande. Akaacha nimtazame.

"Mwambie Kalunde," akasema, "jiko langu lilikuwa linavuja upande wa mashariki. Kaliziba mno. Sisikii mvua."

"Nitamwambia."

"Na michembe haijaiva. Usiende mbali."

Mkongwe akakohoa mara moja, kikohozi kirefu cha mtu aliyeridhika, na pakawa giza.

Nikaamka. Jua liko dirishani, duara. Kasha liko juu ya kigoda na taa zake, halisemi kitu. Nikakaa kitandani kitambo, nimeushika uso wangu mwenyewe.

Nikashusha miguu kutafuta kandambili. Hazipo. Nikainama mvunguni, hazipo. Nikaangalia mlango, komeo liko ndani kama nilivyolifunga. Nikasema labda nimezeeka. Nikalichukua kasha nikalikumbatia, nimrudishie Siwema mapema, nimwombe na msamaha. Nimefika uani, peku, simu ikalia.

"Shikamoo babu." Kalunde, sauti ya mtu aliyetoka kitandani sasa hivi.

"Marahaba mama. Mbona mapema?"

"Babu, umeshapata kompyuta?"

"Bado. Ndiyo naifuata."

"Basi nani kaingia kwangu? Nimefungua sasa hivi nipake rangi geti, nakuta kandambili mlangoni kwa bibi. Mimi sijajenga kandambili. Ya kushoto imefungwa na kitu kama waya."

"Spoku," nikasema.

Nasikia anavuta kiti.

"Babu? Nizitoe?"

"Usiziguse," nikamwambia. "Toboa paa la jiko upande wa mashariki, kidogo tu. Mimi nimetoka mara moja, narudi."